Monita Isiyouzika

Kila ifikapo tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kujaza ritani za ushuru, saiba za Kondele, Kisumu, hujaa hadi mlangoni. Muuguzi aliyetoka zamu ya usiku Russia, kama wenyeji wanavyoendelea kuiita hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, anangoja kiti pamoja na mwendesha tuktuk aliyechukua PIN ya KRA ili apate mkopo, na mama wa Kibuye ambaye mwanawe anaomba mkopo wa masomo wa HELB. Saiba ya kompyuta sita ikiwa na monita nne, pengo linaonekana siku hiyo bila kuelezwa: CPU mbili ziko chini ya meza, nzima kabisa, taa zinawaka, na hakuna anayeweza kuzitumia. Siku za kawaida pengo hilo hufichika. Mwenye saiba hunyamaza, hupanga viti upya, na kupiga hesabu ni miezi mingapi ya fotokopi itakayomrudishia kilichotoweka usiku mmoja.

Suala la wizi wa monita limezoeleka kujibiwa kwa neno moja, kufuli. Ukiibiwa monita, nunua kufuli; ukiibiwa tena, nunua kubwa zaidi. Maoni yangu ni kwamba kufuli ni sehemu ndogo ya jibu. Monita huibwa kwa sababu inauzika, na inauzika kwa sababu ikishavuka kizingiti hakuna awezaye kuthibitisha ilikuwa ya nani. Ulinzi unapaswa kuanzia hapo, kisha chuma kifuate.

Kwanza tuangalie mahali penyewe. Kondele ni wadi ya eneobunge la Kisumu ya Kati, kwenye barabara ya Kisumu–Kakamega, ubavuni mwa Manyatta na Migosi, penye daraja la juu na steji ya matatu isiyotulia. Kodi ya chumba cha barabarani ni mzigo kwa biashara ndogo, kwa hiyo watu hukodi kwa pamoja. Katika chumba kimoja utamkuta wakala wa M-Pesa, mwenye mashine ya fotokopi, mpiga picha za pasipoti, na vijana wawili wanaofanya kazi za mtandaoni kwa wateja wasiowahi kuwaona. Kando yake kuna chumba cha kuchezea PlayStation. Mbele kidogo ni chuo kidogo kinachofundisha misingi ya kompyuta. Kwa upande wa serikali, mpango wa Ajira Dijitali ulioanza mwaka 2016 na vituo vya ubunifu vya maeneobunge vimeongeza vyumba ambamo kijana huingia, huketi, hufanya kazi na kuondoka bila kumiliki hata waya mmoja. Mjini kwenyewe kuna vitovu kama LakeHub, ambako wabunifu hugawana meza na intaneti. Tofauti zao ni nyingi, lakini wote wana tatizo moja: wanaotumia kifaa ni wengi kuliko wanaokimiliki, na wenye ufunguo ni wengi kuliko wanaojulikana kuwa nao.

Kwa nini monita hasa? Zamani haikuwa hivyo. Monita ya kioo kinene, ile yenye kisogo kirefu, ilikuwa na kilo 15 au zaidi. Kuibeba kutoka ghorofa ya pili kulihitaji watu wawili na ujasiri wa mchana. Monita bapa ya inchi 19 au 22 ina kilo tatu au nne, inaingia kwenye gunia au kwenye mkoba mkubwa, na anayekutana na mbebaji njiani hana sababu ya kumuuliza. Mwaka 1999 mtaalamu wa uhalifu Ronald Clarke aliiandikia Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza utafiti kuhusu bidhaa zinazovutia wezi, akataja sifa sita: kufichika, kubebeka, kupatikana, kuwa na thamani, kupendeza, na kuuzika upesi. Monita bapa inazo zote sita. Hiyo ya mwisho ndiyo mama wa zote, maana kitu kinachofichika na kubebeka lakini hakina mnunuzi humlemea aliyekiiba.

Soko la monita nchini Kenya nalo lilipanuka kwa njia ambayo wengi hawakuiona. Mwanzoni mwa mwaka 2015 Kenya ilizima matangazo ya televisheni ya analojia. Nyumba zikalazimika kununua king'amuzi, na ving'amuzi vingi vikaja na tundu la HDMI. Tangu hapo monita ya kompyuta yenye HDMI ni televisheni ndogo inayosubiri king'amuzi tu. Mnunuzi wake si lazima awe na kompyuta. Anaweza kuwa mpangaji wa Manyatta anayetaka kutazama mpira, mwenye chumba cha PlayStation, au mwenye duka anayetaka kioo cha kamera zake. Ongeza hapo biashara halali na kubwa ya monita zilizotumika, zile za kutoka Uingereza ambazo watu huziita ex-UK, zinazouzwa kwa shilingi elfu kadhaa bila sanduku, bila karatasi ya kiwanda, na mara nyingi bila risiti. Monita ya wizi ikiwekwa katikati ya hizo, haina alama yoyote ya kuitofautisha. Simu iliyoibwa angalau huingia kwenye mtandao wa simu ikiwa na namba yake ya IMEI. Monita haiingii mtandao wowote. Ikizimwa, imenyamaza.

Kuna jambo jingine linaloifanya idharauliwe. Monita ya kawaida haihifadhi data. Mwenye ofisi akiibiwa CPU, moyo humwenda mbio kwa sababu ya faili za wateja, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 ana wajibu wa kisheria juu ya taarifa hizo. Akiibiwa monita hushukuru kwamba faili zimebaki, na mara nyingi haendi hata polisi. Lakini kompyuta za siku hizi ambazo monita na CPU ni kitu kimoja zimeifuta tofauti hiyo: anayeibeba skrini amebeba na majina, namba za vitambulisho na nakala za vyeti vya kila mteja aliyepita pale. Saiba inayosajilia watu eCitizen inapaswa kulijua hilo kabla ya kununua kompyuta za aina hiyo kwa ajili ya kuokoa nafasi mezani.

Monita hutokaje? Wengi wetu tunamwazia mtu wa usiku anayebandua mabati. Yupo, na majengo mengi ya Kondele yanamrahisishia kazi: mlango wa mbele ni wa chuma kizito wenye kufuli ya Solex, dari ni ya ubao mwembamba, na paa linaingilika kutoka jengo la jirani. Mwenye chumba hutumia pesa nyingi mlangoni kwa sababu mlango ndio anaouona kila asubuhi.

Lakini chumba cha pamoja kina njia nyingine mbili ambazo hazivunji kitu. Ya kwanza ni mtu mwenye haki ya kuwa mle ndani. Amekaa wiki mbili akijaza fomu, anajua soja hubadilishana zamu saa ngapi, anajua mhudumu hutoka kununua chai wakati gani. Au ni aliyefanya kazi hapo mwaka jana na kuondoka na nakala ya ufunguo. Kikulacho ki nguoni mwako, na sheria inalijua hilo: kifungu cha 281 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kinaweka kifungo cha hadi miaka 7 kwa mtumishi anayemwibia mwajiri wake, ilhali wizi wa kawaida chini ya kifungu cha 275 unafika miaka 3 tu. Njia ya pili ni ubadilishaji, na hii ndiyo inayochelewa zaidi kugunduliwa. Monita ya inchi 22 inaondoka, na mahali pake inawekwa ya inchi 17 iliyochakaa, nyeusi kama ile ya kwanza. Idadi ya monita haijabadilika, kwa hiyo anayehesabu vichwa asubuhi anapata hesabu sawa. Panapofanya kazi watu kumi kwa zamu, kila mmoja hudhani mwenzake ndiye aliyeihamisha ile nzuri. Wiki hupita, hata miezi.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wahenga walisema hivyo wakiwafikiria wafanyabiashara, na sijaona mahali inapotimia kama katika ofisi ya pamoja.

Sasa tuje kwenye chuma, maana sisemi kisitumike. Monita nyingi za ofisini zina tundu dogo nyuma au ubavuni, la milimita 3 kwa 7, lililowekwa kwa ajili ya kufuli ya waya. Kampuni ya Kensington ya Marekani ndiyo iliyolieneza tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Waya huo unafaa mchana, dhidi ya mtu anayetaka kuondoka na kitu ndani ya sekunde kumi. Hauwezi kumzuia mwenye mkasi wa kukatia vyuma na usiku mzima mbele yake. Tena tundu lenyewe limo kwenye plastiki, na nguvu za kutosha hulipasua. Kuhusu kufuli za funguo za mviringo, mwaka 2004 waendesha baiskeli wa Marekani waligundua kwamba kufuli za Kryptonite za aina hiyo zinafunguka kwa mrija wa biro ya Bic, na kampuni ikalazimika kuwabadilishia wateja. Kufuli nyingi za kompyuta za wakati ule zilikuwa na ufunguo wa umbo hilohilo. Anayenunua za mtumba leo azikague.

Jibu bora la chuma, kwa Kondele, liko kwa fundi wa kuchomelea. Igeuze monita uitazame mgongo. Utaona matundu manne yaliyopangwa mraba, milimita 75 kwa 75 au 100 kwa 100, yanayopokea skrubu za M4. Huo ni mpangilio wa dunia nzima, hata kampuni zisizosikilizana zimeukubali. Fundi hukata kipande cha bamba, hutoboa matundu manne yanayolingana, na kulichomelea kwenye bomba la mraba linaloshuka, kupenya ubao wa meza, na kukutana na bamba la pili upande wa chini. Bolti hukazwa kutoka chini, kisha nati huchomelewa zisifunguke kwa spana. Yapo mambo matatu ambayo fundi asipoambiwa anaweza kuharibu. Uchomeleaji wote ufanyike kabla ya monita kufungwa, isipate moto wala cheche. Skrubu zisiwe ndefu kupita kina cha tundu, maana ncha ikizidi hugusa saketi ya ndani na monita ikafa kabla ya mwizi kuifikia. Bamba lisizibe vitundu vya kupitishia hewa. Zaidi ya hayo, meza yenyewe ifungwe ukutani au sakafuni, la sivyo umemsaidia mwizi kubeba monita na meza kwa safari moja.

Ubora wa kifungo hiki hautokani na kutovunjika. Kinavunjika. Lakini anayeing'oa monita kwa nguvu huondoka na ganda lililopasuka mgongoni, na monita yenye mgongo uliopasuka hushuka bei na humfanya mnunuzi aulize maswali. Chuma kinafanya kazi kwa sababu kimegusa soko.

Kamera nazo zina nafasi yake, na ni ndogo kuliko wauzaji wake wanavyodai. Stima ikipotea, na hupotea, kamera isiyo na betri hulala pamoja na taa. Mara nyingi kifaa cha kurekodi kimewekwa juu ya meza ileile, kwa hiyo huibwa pamoja na monita kikiwa na ushahidi wote tumboni. Anayeweka kamera basi afiche kifaa cha kurekodi, akipe betri yake, na aelekeze kamera moja mlangoni kwa urefu wa uso wa mtu badala ya nne darini zinazopiga picha za kofia. Soja naye, katika majengo mengi, analindishwa maduka kadhaa na wenye maduka wanaochangia mshahara mdogo. Hajaambiwa nani ana ruhusa ya kutoka na nini. Soja aliyepewa karatasi moja yenye sheria moja, kwamba hakuna skrini inayotoka bila barua yenye sahihi ya mtu fulani, analinda zaidi ya soja mwenye rungu asiye na maelekezo. Tena anaepushwa na lawama, na mara nyingi soja ndiye wa kwanza kushukiwa na wa kwanza kufutwa.

Hapa ndipo ninapotaka tukae zaidi: utambulisho. Mkenya yeyote mwenye gari anaujua tayari. Tazama vioo vya pembeni vya magari yaliyoegeshwa mjini. Namba ya gari imechorwa kwenye kioo chenyewe, wakati mwingine hata kwenye taa. Wenye magari walifanya hivyo baada ya kuchoka kuibiwa vioo na kwenda kuvinunua upya kwa wauza spea. Kuchora hakukukizuia kioo kung'olewa, lakini kulikipunguzia wanunuzi. Nani anataka kioo chenye namba ya gari la mwenzake? Serikali nayo imekuwa ikitia herufi GK kwenye mali zake kwa miaka mingi. Saiba na ofisi za pamoja zinaweza kufanya hivyo kwa gharama ya chini kuliko kufuli moja nzuri.

Alama iwe wapi? Kibandiko cha karatasi hung'oka kwa ukucha. Rangi hufutika kwa thina. Mchoro wa moto au wa mashine ya kuchorea unaoingia ndani ya plastiki, mkubwa, mahali panapoonekana mbele ya monita chini ya skrini, ndio unaofaa. Wenye ofisi husita kwa sababu unaharibu sura na bei ya kuuzia baadaye. Ni kweli, unaharibu, na kuharibu bei ndilo lengo. Jina la biashara na namba ya simu ya mwenyewe vinatosha. Alama ya pili, ndogo, iwekwe mahali pa siri, kwenye mguu wa chuma au ndani ya ganda, anapopajua mwenyewe peke yake.

Halafu kuna alama ambayo watu wengi hawajui kwamba tayari wanayo. Kila monita ya kisasa ina kumbukumbu ndogo ndani yake iitwayo EDID, ambayo sehemu yake ya msingi ni baiti 128 tu. Kompyuta inapounganishwa huisoma ili ijue inazungumza na skrini gani. Humo mna alama ya kampuni iliyoitengeneza, modeli, wiki na mwaka wa kutengenezwa, na kwa kawaida namba tambulishi. Kibandiko cha kiwanda mgongoni kikibanduliwa, EDID hubaki, na mwizi wa kawaida hana habari nayo. Programu za bure huisoma kwa dakika moja. Wapo watengenezaji wa bei nafuu wanaoweka namba moja kwa monita zote, kwa hiyo haifai kuitegemea peke yake. Lakini anayeketi leo na daftari, akaandika namba ya mgongoni, akasoma EDID ya kila monita, akapiga picha ya mbele na nyuma na kuhifadhi vyote nje ya ofisi, kwenye barua pepe kwa mfano, ana kitu ambacho walioibiwa wengi hawana: uwezo wa kusimama mbele ya monita yoyote na kuthibitisha kwamba ni yake.

Uthibitisho huo ndio unaoipa sheria meno. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu, kinachohusu kushughulikia mali ya wizi, kinafika kifungo cha miaka 14. Mnunuzi wa mali ya wizi anaweza kupata adhabu kubwa kuliko aliyeiba kwa wizi wa kawaida, ambaye ukomo wake ni miaka 3. Waliotunga sheria walielewa kwamba soko ndilo linalomlisha mwizi. Lakini upande wa mashtaka lazima uonyeshe kwamba mnunuzi alijua, au alikuwa na sababu ya kuamini, kuwa mali ni ya wizi. Monita isiyo na alama humpa utetezi rahisi: niliona ya kawaida, nikanunua. Monita yenye jina la saiba ya Kondele limechorwa chini ya skrini humnyima utetezi huo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, nayo ina kanuni ya kale kwamba anayeuza kisicho chake hampi mnunuzi umiliki. Mwenye mali anaweza kukidai hata mikononi mwa mtu wa tatu aliyelipa pesa taslimu. Haya yote yanamtegemea mtu anayefika Kituo cha Polisi cha Kondele kuandikisha OB, yaani taarifa kwenye kitabu cha matukio, akiwa na namba, si akisema "ni nyeusi, ya inchi 19".

Kwa sababu hiyohiyo sikubaliani na wanaotaka biashara ya monita zilizotumika ibanwe au ipigwe marufuku. Tumewahi kujaribu njia hiyo na bidhaa nyingine. Januari 2022, baada ya nchi kuingia gizani nguzo za umeme zilipoanguka, serikali ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu ili kuzuia uharibifu wa miundombinu, na Mei mwaka huohuo ikairuhusu tena. Katika miezi hiyo waliokwama ni pamoja na wakusanyaji wadogo wasiohusika na nguzo yoyote. Mwanafunzi wa Nyalenda anaweza kumiliki kompyuta kwa sababu ex-UK zipo. Biashara hiyo tunaihitaji. Kinachokosekana ni rekodi ya nani aliuza nini kwa nani.

Kuna hasara nyingine isiyoandikwa kwenye OB, nayo ni kifaa kilicholindwa hadi kisitumike. Mpango wa serikali wa kupeleka tableti katika shule za msingi za umma, ulioanza mwaka 2016, ulisambaza vifaa zaidi ya milioni moja. Shule ziliambiwa ziwe na vyumba imara, na baada ya visa vya wizi baadhi ya walimu wakuu, ambao wangewajibishwa kifaa kikipotea, wakavifungia stoo. Siwalaumu. Mtu akipewa adhabu ya kupoteza bila kupewa sifa ya kutumia, atafunga mlango. Tabia hiyohiyo huingia katika vituo vya vijana: monita mpya hubaki kwenye masanduku, na vijana huambiwa waje wiki ijayo. Kwa kijana aliyepanda matatu kutoka Mamboleo kuja kufanya kazi ya mtandaoni, monita iliyofungiwa na monita iliyoibwa zimemnyima kitu kilekile. Mfumo wowote wa ulinzi ninaoupendekeza lazima uruhusu skrini ziwake kutwa nzima.

Ndiyo maana swali la nani anawajibika ni gumu kuliko swali la chuma. Katika chumba cha pamoja, kuwawajibisha wote ni sawa na kutomwajibisha yeyote. Kila kiti kiwe na namba, na kila monita iandikwe kwa kiti chake. Anayeketi asubuhi atie sahihi kwamba ameikuta, anayeondoka jioni atie sahihi kwamba ameiacha, na afungaye aandike jina lake na saa. Funguo zihesabiwe, na mtu akiacha kazi kitasa kibadilishwe, si ufunguo tu kurudishwa, maana nakala hutengenezwa barabarani kwa dakika tano. Utaratibu huu unachosha, lakini unawakinga wasio na hatia. Mhudumu wa saiba, mara nyingi msichana aliyemaliza kidato cha nne na anayelipwa kidogo, ndiye hukatwa mshahara monita ikipotea. Daftari linaloonyesha aliiacha mahali pake saa mbili usiku ni kinga yake pekee.

Zipo siku ambazo daftari na bolti havisaidii. Kondele imekuwa kitovu cha maandamano tangu ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, kisha 2017, kisha 2023. Siku hizo wenye biashara huhamisha vitu vyao mapema kwenda majumbani, na monita ni miongoni mwa vya kwanza kupakiwa. Hapo kifungo cha kudumu huwa kikwazo kwa mwenyewe, kwa hiyo anayefunga skrini zake kwa bolti aache njia ya kuzifungua kwa ufunguo maalumu alionao yeye. Na aisome bima yake. Bima nyingi za wizi hudai dalili za kuvunja, kwa hiyo haziigusi monita iliyotolewa na mwenye ufunguo. Na uharibifu wa vurugu za kisiasa kwa kawaida huhitaji bima ya ziada inayolipiwa kando. Ni afadhali kulijua hilo Januari kuliko Agosti ya uchaguzi.

Na lipo jambo ambalo lazima niliseme bila kupunguza. Katika mitaa yetu mtu akishikwa na monita usiku, kabla ya polisi kufika, huenda asifike asubuhi. Wameuawa watu kwa mawe na kwa matairi kwa ajili ya vitu vya shilingi elfu chache, na baadhi yao walikuwa wamebeba mali yao wenyewe. Umati hujigeuza mahakama pale ambapo hakuna anayeamini kwamba mahakama ya kweli itapata ushahidi. Alama kwenye skrini humwokoa pia anayehama nyumba usiku na kompyuta yake mgongoni: ina namba yake ya simu, ipigwe, iite mfukoni mwake.

Linabaki swali la nani aanzishe rekodi ya monita zinazouzwa. Wapo wanaosema kaunti iifanye sharti la leseni ya biashara: kila muuzaji wa vifaa vilivyotumika aandike namba tambulishi na nakala ya kitambulisho cha aliyemuuzia. Wazo ni zuri, lakini nawaogopea wauzaji wadogo. Daftari linalokaguliwa na kanjo linaweza kugeuka sababu mpya ya kutoa kitu kidogo kila Ijumaa, na muuzaji mwaminifu ndiye atakayelipa kwa sababu ndiye mwenye daftari la kukaguliwa. Ningeanza na wenyewe. Wenye saiba, vyuo vidogo na wauza kompyuta wa Kondele na Kibuye tayari wana vyama vya kuweka akiba na makundi ya WhatsApp ya kutumiana kazi. Namba za monita zilizoibwa zikitumwa humo usiku uleule, muuzaji anayeletewa skrini asubuhi ana mahali pa kuangalia kabla ya kutoa pesa. Akiikuta, ana jirani wa kumpigia. Akiendelea kuinunua, hawezi tena kusema hakujua.